Vituo vya Karafuu

Karatasi kumi na sita, Nassor kazigandisha kwa uji wa muhogo,
na Ulaya ikatandazwa jamvini kwetu, Machomane,
pembe moja imekaliwa na kinu isijikunje.
Shemeji Khatib yuko Hamburg. Ana gari refu, kasema kwenye simu,
lina jiko ndani na kitanda kinachojificha.
"Njooni mwezi wa saba. Tutaendesha, tutalala kambini."

Shaame akatwaa karafuu kavu kwenye kisahani,
moja moja akazibandika: hapa tunalala, hapa tunaoga,
hapa mto Raini, hapa tunasimama watoto watapike.
Ya mwisho, nene, akaitia juu ya milima ya Alpi.
Ulaya nzima ikanukia Mtambwe.

Mama mkwe alikuwa akipeta mchele.
Hakuinua uso.
"Wazungu wana nyumba za mawe zisizo hata ufa.
Ndio waende wakalipie kulala ndani ya kitambaa?"
"Ndiyo, mama."
"Na mlango?"
"Zipu."
"Zipu," akasema, akapuliza pumba,
kama aliyetajiwa mahari ya shilingi mia.

Kule gari hupita kulia.
Hilo ndilo lililomnyima Shaame usingizi.
Jioni nilimkuta kakaa jamvini upande wa kushoto,
sinia ndio usukani, mchi ndio gia,
Raya nyuma yake akipiga honi kwa mdomo.
"Mzunguko huo!" nikapaza sauti.
Akakata kushoto.
"Umetuua," nikamwambia, "sote sita, pamoja na jiko."

Daftari ni langu. Ukurasa huu: viza, tiketi, mafuta,
majaketi ya mtumba.
Ukurasa ule: gunia mbili za karafuu na pishi saba,
kibubu cha mandazi yangu,
na deni la Mbarouk, ambalo hulilipa kwa ahadi.
Kurasa mbili zinatazamana kama wake wenza.

"Magharibi huko saa ngapi?" Bi Mize akauliza.
"Mwezi wa saba? Saa nne kasorobo."
"Ya asubuhi?"
"Ya usiku, mama."
Ungo ukasimama.
"Basi jua lao nalo halina kwao."

Hema lilikuja ndani ya sanduku la nguo za Idi.
Ijumaa tukalisimamisha uani, baina ya kamba ya nguo na mpapai,
Shaame akisoma maelezo ya Kijerumani, kayashika juu chini.
Bi Mize akatoka na jembe.
"Mlango mmeuelekeza kwenye upepo.
Na hapa ndipo yapitapo maji."
Akachimba mfereji kuuzunguka ukuta ule wa kitambaa,
akaupa mteremko kwa jicho tu.

"Nina mimba ya Khatib," akasema, kaegemea mpini,
"tulihamia shamba msimu mzima, kibanda cha makuti, watu kumi na mmoja.
Mvua inakuja usiku, karafuu zimeanikwa,
unakimbia kuanua na tumbo lako mbele.
Nani kakwambieni kulala nje kumeanzia Ulaya?"

Usiku ule vuli ikashuka.
Radi ya pili tu, sisi wanne tulikuwa vitandani mwetu, ndani, tumelowa.
Yeye alibaki.
Alfajiri tukaisikia zipu ikifunguka taratibu,
akatoka na udhu wake, mkavu kama biskuti.

Viza bado. Miadi ni Dar, tarehe kumi na tisa.
Wanataka barua ya benki, wanataka na hakika
kwamba tutarudi.
"Waambie nina kuku wanatamia," Bi Mize kasema,
na Shaame, wallahi, kaliandika.

Jana jino lilimuamsha usiku wa manane.
Nikamsikia akipapasa ukutani, ramani ilipotundikwa.
Asubuhi Nassor akahesabu vituo, akahesabu tena:
Alpi haipo.
Iko kinywani mwa bibi yake, upande wa kushoto,
na jino, anasema, limetulia.